Wembe wa Kwanza: Utangulizi kwa Anayeanza Kujinyoa kwa Wembe wa Kukunja

Utangulizi huu ni kwa ajili yako uliyewahi kuketi kwenye kiti cha kinyozi, ukausikia wembe ukipita shavuni, ukatoka na uso laini usioupata bafuni kwako, kisha ukajiuliza kama nawe unaweza kujifunza. Unaweza. Kwa vizazi vingi watu wa kawaida walijinyoa hivyo nyumbani kwao kila asubuhi, na elimu yao haijapotea. Kinachomkwaza anayeanza mara nyingi si mkono wake, ni ununuzi. Anakutana na vipini vya pembe, vya mfupa na vya mpingo, bapa zilizonakshiwa dhahabu, majina ya miji ya Ulaya na bei zinazopishana mno. Anachagua kwa macho, na baada ya wiki chache wembe umelala kwenye droo kwa sababu haukati tena.

Hoja yangu katika kurasa hizi ni moja. Wembe wa kwanza uchaguliwe kwa kigezo kinachotangulia vingine vyote: je, wewe mwenyewe utaweza kuyatunza makali yake? Uzuri wa mpini, sifa za mji ulikotoka na upana wa bapa vina nafasi yake, lakini vyote hupimwa kwa kigezo hicho.

Tuanze na chombo chenyewe. Wembe wa kukunja ni bapa moja la feleji lililoshikizwa kwenye mpini kwa pini, nalo hujikunja ndani ya mpini huo hadi makali yakafichika. Upande mmoja wa bapa una makali, upande wa pili ni mgongo. Mgongo umeachwa mnene kwa makusudi, na hapo ndipo ilipo akili yote ya chombo hiki. Ukiulaza wembe juu ya kinoo, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja. Pembe ya kunolea inatokana na upana wa bapa na unene wa mgongo, wala haitegemei wepesi wa mkono wako. Fundi aliyeufua alishakuamulia, na kwa nyembe nyingi pembe hiyo huwa kati ya nyuzi 15 na 20. Kisu cha jikoni humtaka mnoaji akisie pembe kila anapokipitisha jiweni. Wembe haumtaki akisie chochote. Ndiyo maana mtu asiye fundi anaweza kuutunza maisha yake yote, mradi asiuinue mgongo.

Umbo hili lilifikiwa polepole. Kabla ya katikati ya karne ya 18, feleji ya Ulaya haikuwa ya namna moja: ilikuwa ngumu hapa, laini pale, na makali yake hayakutabirika. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyehamia jirani na Sheffield nchini Uingereza, alifaulu kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mpaka ikawa sawa kila mahali. Alichokuwa akikitafuta ni springi bora za saa, lakini wafua visu na nyembe nao walipata malighafi ambayo hawakuwa nayo. Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kizima, La Pogonotomie, cha kumfundisha mwanamume kujinyoa mwenyewe. Kwa hiyo unachokiuliza leo kiliulizwa na watu zaidi ya miaka 250 iliyopita, na kikapewa majibu ya kina. Katika karne ya 19 nyembe nzito zenye umbo la kabari zilianza kupisha nyembe zilizobonyezwa mashavuni, yaani kwenye pande mbili za bapa, nyepesi zaidi na rahisi zaidi kunoa, na mji wa Solingen nchini Ujerumani ukajipatia sifa kwa kazi hiyo.

Kisha ukaja wembe wenye makali ya kutupwa. King Gillette wa Marekani alianza kuuza wembe wake wa usalama mwaka 1903; mwaka huo kampuni yake iliuza nyembe 51 tu na vipande 168 vya makali. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Marekani iliwagawia askari wake nyembe kama milioni 3.5 za kampuni hiyo, na waliporudi makwao walirudi na mazoea mapya. Kilichopotea majumbani hapo ni zaidi ya chombo. Baba hakuwa tena na haja ya kumwonyesha mwanawe jinsi makali yanavyorudishwa, kwa kuwa makali yalikuwa yakinunuliwa dukani. Anayeanza leo hukosa mwalimu huyo wa nyumbani, na pengo hilo ndilo linalomfanya anunue asichoweza kukitunza.

Kwa nini basi makali hufa? Unywele ni laini mno ukilinganishwa na feleji, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba makali husagika taratibu mpaka yakawa butu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Cem Tasan, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza kwa hadubini nywele zikikatwa na makali ya nyembe za kawaida za dukani. Unywele ni laini kuliko feleji hiyo kwa takriban mara 50, na bado uliweza kuumega ukingo wa makali. Umegekaji ulitokea pale unywele ulipopinda badala ya kusimama wima mbele ya wembe, na pale feleji yenyewe isipokuwa sawa katika chembe zake. Ukilitafakari jambo hilo utaona kwa nini mafundi wa zamani walihangaikia feleji ya namna moja, na kwa nini namna unavyoushika wembe ina uzito sawa na ubora wa wembe.

Makali hurudishwa kwa vitu viwili, mkanda na kinoo. Mkanda wa ngozi ni wa kila mara kabla ya kunyoa. Vinoo ni vya mara chache, na hupimwa kwa namba ya chembe zake: 1000 kwa kurekebisha makali yaliyopukutika, 4000 na 8000 kwa kunoa, 12000 kwa kumalizia. Wako wanaopenda mawe ya asili, hasa jiwe la manjano linalochimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Wewe huhitaji hata kinoo kimoja siku ya kwanza. Wembe ulionolewa vizuri, ukipitishwa mkandani ipasavyo, huweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kuliona jiwe. Mkanda, lakini, unauhitaji tangu siku unayouleta wembe nyumbani.

Tazama jinsi kazi ya mkanda inavyofanywa, kwa maana hapo ndipo anayeanza huyaharibu makali yaliyokuja mazuri. Ncha moja ya mkanda imefungwa ukutani, nyingine umeivuta kwa mkono wa kushoto hadi ngozi ikakaza. Laza wembe bapa, mgongo na makali vikiigusa ngozi pamoja. Usukume mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukitanguliza makali utaikata ngozi na kuyapinda makali kwa wakati mmoja. Ukifika mwisho usiuinue wembe. Uache mgongo wake juu ya ngozi, uzungushe shina lake, yaani sehemu iliyo kati ya bapa na pini, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, makali yapande juu na kulalia upande wa pili, ndipo urudi. Kinachozunguka ni vidole, kifundo cha mkono kimetulia. Kama mkanda wako una upande wa turubai, anza na huo, kisha malizia kwa upande wa ngozi. Kwenda na kurudi mara 30 kunatosha. Fanya taratibu mno wiki za mwanzo, kwa kuwa kasi huja yenyewe mkono ukishazoea, na pigo moja la haraka hufuta kazi ya mapigo yote yaliyotangulia.

Sasa tunaweza kuchagua. Upana wa bapa hupimwa kwa thumuni za inchi, toka makali hadi mgongoni. Wembe wa 4/8 ni mwembamba. Unapenya vizuri chini ya pua lakini hujaa povu upesi na una uzito mdogo wa kukusaidia. Wembe wa 7/8 au 8/8 ni mzito, unafagia shavu kwa mikupuo michache, ila ukifika pembeni mwa pua unakuziba usione unachokata. Chagua 5/8, yaani kama milimita 16, au 6/8, kama milimita 19. Vipimo hivi viwili vinatii mkono usiozoea, navyo hupatikana kwa wingi.

Mashavu ya bapa nayo yatazamwe. Wembe wa kabari una pande zilizonyooka toka mgongoni hadi kwenye makali. Una nguvu kwa ndevu ngumu, lakini ukiulaza juu ya kinoo sehemu kubwa ya feleji hugusa jiwe, na kuunoa ni kazi ndefu. Wembe uliobonyezwa kabisa ni mwembamba sana karibu na makali, huimba ukikata, na mlio huo humwambia mnyoaji kama pembe yake iko sawa. Ubaya wake ni kwamba ukiukandamiza unapinda. Kwa anayeanza, wembe uliobonyezwa nusu au zaidi kidogo ya nusu unafaa kuliko yote: unanoleka bila tabu, unatoa sauti ya kutosha kukufundisha, nao unamvumilia mtu aliyeukandamiza kidogo kuliko inavyopasa.

Kwa ncha hakuna mjadala mrefu. Ncha ya mraba hufika kwenye kona ndogo, karibu na masharubu na nyuma ya sikio, lakini kona yake kali hutoboa ngozi mara tu unapojisahau. Nunua ncha ya duara. Hutakosa chochote cha maana, na utaepuka mikato mingi ya mwezi wa kwanza.

Feleji ziko za aina mbili. Feleji ya kaboni hunoleka upesi na huitika vizuri mkandani, lakini hushika kutu. Feleji isiyoshika kutu hustahimili unyevu na huchelewa kufa makali, ila yakishakufa hudai saa nyingi jiweni. Kwa kigezo chetu, ya kaboni ndiyo mwalimu bora. Aishiye Mombasa, Tanga, Unguja au pwani yoyote yenye joto na hewa ya chumvi ana sababu ya kweli ya kufikiria ya pili, hasa kama atauacha wembe bafuni. Akichagua ya kaboni, aukaushe kila baada ya kunyoa, aupake tone la mafuta mepesi ya cherehani, na auweke nje ya bafu. Usihadaike na maneno yaliyochorwa kwenye bapa. Karibu mwaka 1820 mwanasayansi Michael Faraday na fundi visu James Stodart walijaribu kuchanganya feleji na metali nyingine, na wakaona kwamba sehemu moja ya fedha kwa 500 za feleji ilileta matokeo mazuri. Baadaye nyembe nyingi za Sheffield zilipigwa chapa ya feleji ya fedha, kwa kuwa jina hilo liliuza. Makali hayajui kusoma chapa.

Mpini hauongezi wala kupunguza makali, kwa hiyo wa plastiki ngumu unatosha, na hauogopi maji. Pembe na mbao ni nzuri kutazama lakini hupinda zikilowa na kukauka mara kwa mara. Jambo la kukagua ni moja: ukiukunja wembe, bapa liingie katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Bapa linalokwaruza mpini hujiharibu makali kila unapolifunga.

Je, ununue mpya au uliotumika? Wembe mpya kutoka Solingen, au kutoka Thiers, mji wa wafua visu nchini Ufaransa, kwa kawaida hauna kasoro ya ufundi, lakini bei yake mara nyingi hupita euro 100, na usidhani kwamba kila kilichotoka kiwandani kiko tayari kwa uso. Nyembe nyingi mpya huhitaji kumaliziwa na mnoaji. Wembe wa zamani unaweza kuwa bora vilevile kwa gharama ndogo, mradi ujue kuukagua, na ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Ushike chini ya taa, makali yakikutazama, uuzungushe polepole. Makali mazima hayarudishi mwanga. Ukiona nukta nyeupe inayometa, hapo pamemegeka au pamekuwa butu. Chunguza kutu: madoa ya juu juu si kitu, lakini vishimo karibu na makali havina dawa. Gonga bapa kwa ukucha. Likilia vizuri ni zima, likitoa sauti iliyokufa utafute ufa, na wembe wenye ufa uuache hata ukipewa bure. Tazama mgongo: mistari bapa iliyoachwa na kinoo iwe myembamba na ilingane pande zote mbili. Mwisho uulaze juu ya kioo. Ukicheza, umepinda.

Chapa husaidia kukisia umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo wembe ulioandikwa England au Germany kwa kawaida ni wa baada ya 1891. Jina Solingen lenyewe lilipewa ulinzi wa sheria Ujerumani mwaka 1938. Jihadhari pia na vipini vya zamani vya seluloidi, vilivyoigiza pembe za ndovu au magamba ya kasa. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula feleji, na hata wembe wa jirani katika sanduku moja hupata kutu.

Iko bidhaa moja ya kuikwepa kabisa: kile cha bei ya chini mno chenye umbo la wembe, kimeng'arishwa vizuri, na feleji yake haikukazwa kwa moto inavyostahili. Mgongo haulingani na makali, hakinoleki hata kwa fundi, na mnunuzi humaliza mwezi akiamini kwamba tatizo ni yeye. Tatizo si yeye.

Na vipi mpini wa kinyozi, ule unaovalishwa nusu ya wembe wa dukani? Kwa kinyozi anayehudumia watu wengi ndio wajibu, maana virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU vinaweza kupita kwa damu iliyobaki kwenye makali, na kila mteja anastahili makali mapya mbele ya macho yake. Kwa ajili hiyohiyo wembe wako wa kukunja ni wako peke yako. Usimwazime hata ndugu. Mpini huo wa kinyozi humfundisha mkono anayeanza nyumbani, lakini haumfundishi utunzaji, na makali yake mepesi hukata upesi pale unapokosea pembe.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndevu za kipilipili, na kwao mada hii inagusa afya. Unywele uliojisokota, ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, huota ukirudi ndani na kuzaa vipele vigumu shingoni na kidevuni. Wembe wa makali mawili au zaidi, ulioanza kuuzwa kwa wingi na Gillette mwaka 1971, huuvuta unywele kabla ya kuukata, kisha kishina hurudi ndani ya ngozi. Makali mamoja hayana uvutaji huo. Lakini usiyape sifa ya bure: ukiivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume na uotaji, wembe wa kukunja nao utaleta vipele vilevile. Nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, ridhika na vishina vifupi kidogo, na ngozi yenye vidonda iachwe ipone kwanza.

Siku ya kwanza, nyoa mashavu tu. Methali ya mwenzako akinyolewa wewe tia maji ina elimu ya kinyozi ndani yake: ndevu zilizoloweshwa kwa maji ya moto dakika chache huvimba na kulainika, na hukatika kwa nguvu ndogo mno kuliko ndevu kavu. Pakaa povu zito la sabuni kwa brashi. Inamisha wembe nyuzi kama 30 kutoka kwenye ngozi, inyooshe ngozi kwa wepesi, uende mbele kwa mikupuo mifupi, wala usiuburute wembe kuelekea upande. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na upitishe jiwe la shabu. Mahali litakapowasha ndipo ulipokandamiza. Kidevu na shingo vifuate wiki zijazo, mkono ukishatulia.

Hukumu yangu kwa wembe wa kwanza ni hii: upana wa 5/8 au 6/8, mashavu yaliyobonyezwa nusu au zaidi kidogo, ncha ya duara, feleji ya kaboni, mpini wa kawaida, na makali yaliyonolewa na mtu anayejua kazi hiyo. Fedha utakazookoa kwa kuacha nakshi zinunulie mkanda mzuri wa ngozi. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji nani aliunoa wembe huu, na kwa kinoo gani. Asipokuwa na jibu, tafuta muuzaji mwingine.